Kunyonya ni Haki ya Mtoto: Sheria Yasemaje?

Mtoto akikosa ziwa, lawama humwangukia mamake. Husemwa ni mvivu au ameiga mambo ya kisasa. Lakini kunyonya ni haki ya mtoto, na haki hiyo haidaiwi kwa mama peke yake. Wanadaiwa pia serikali, hospitali, mfanyabiashara na mwajiri.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja kunyonyesha waziwazi katika kifungu cha 24. Nayo Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na matibabu.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apate yale maziwa ya mwanzo ya manjano. Kisha anyonye miezi 6 bila kupewa kitu kingine, hata maji. Baada ya hapo aongezewe chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Kwa Waislamu muda huu si mgeni, kwani miaka miwili kamili imetajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 233.

Maziwa ya kopo

Sheria ya mwaka 2012 inakataza kutangaza maziwa ya kopo ya watoto, kuwagawia kina mama sampuli za bure, na kuwapa wahudumu wa afya zawadi ili wayapigie debe. Haikukataza yasiuzwe, maana wapo watoto wanaoyahitaji kwa ushauri wa daktari.

Hatari ya sampuli ni hii: mtoto akizoea chupa hunyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa maziwa hupungua. Kopo la bure likiisha, mama hana budi kununua. Asiyejiweza huzidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Na katika mitaa ambayo maji hununuliwa kwa mtungi, bila kujulikana yametekwa wapi, chupa hiyo huleta kuharisha.

Kazini

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye malipo. Mtoto anahitaji 6. Pengo hilo ndilo Sheria ya Afya ya 2017 inajaribu kuliziba. Inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono na pa kuhifadhi maziwa kwa ubaridi, na kisiwe chooni. Mama pia apewe muda wa kunyonyesha, usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa kula. Muda huo unahesabiwa kuwa kazi, hivyo asikatwe mshahara.

Je, mama anayeuza mboga sokoni au kukaanga viazi barabarani? Yeye hana mwajiri wa kumdai. Kwake, mdaiwa ni serikali. Masoko yanayojengwa kwa kodi zetu yawe na chumba safi cha kunyonyeshea. Hilo tulidai katika vikao vya bajeti ya kaunti, maana mtoto wa sokoni ana haki sawa na wa ofisini.

Ukiona sampuli zikigawiwa kliniki, mwarifu afisa wa afya ya umma. Ukinyimwa muda wa kunyonyesha, nenda ofisi ya leba.