Stesheni ya Zamani ya Voi

Kabla ya reli, Wataita walikaa juu. Kwenye vilima vya Sagala, Mbololo na Dawida kuna mvua, chemchemi na migomba. Huku chini palikuwa nyika ya miiba na vumbi jekundu, mahali pa kupita misafara, si pa kujenga. Wazee husema mto na mji vilipata jina kwa Kivoi, mfanyabiashara Mkamba aliyekuwa akipiga kambi hapa na misafara yake, yule yule aliyempokea mmisionari Krapf kwake Kitui mwaka 1849. Kilichowashusha watu bondeni ni stesheni. Soko, maduka ya Wahindi, misikiti, makanisa, vyote vilikuja nyuma yake.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Kazi ngumu ya mwanzo ilikuwa kuivuka nyika ya Taru, kavu kiasi kwamba maji ya kunywa yaliletwa kwa garimoshi kutoka nyuma. Kuelekea mwisho wa 1897 mataruma yalifika Voi, kama kilomita 160 kutoka baharini, na hapo ukapatikana mto. Wajenzi wengi walikuwa makuli kutoka Bara Hindi. Katika reli nzima waliletwa kama 32,000, na wapatao 2,500 hawakurudi makwao wala popote, kwa maana walikufa kazini. Sifa za simba wa Tsavo waliosimamisha kazi mwaka 1898, mwendo mfupi kutoka hapa, zimeenea dunia nzima. Makuli hao waliokufa hawajulikani kiasi hicho.

Katika miaka ya mwanzo treni haikuwa na behewa la chakula. Iliondoka Mombasa mchana, na jioni ilipofika Voi ilisimama ili abiria wale. Wenye tiketi za madaraja ya juu walishuka, wakavuka jukwaa kuingia katika bangaloo ya wasafiri, wakaketi mezani kwa mwanga wa taa za mafuta huku injini ikijaza maji. Wa daraja la tatu walifungua vifurushi vyao. Wakati wote huo treni iliwangoja, kisha ikaendelea usiku kucha kupanda bara.

Lakini iliyoipa Voi heshima yake ni njia ya pili, ile ya kwenda Taveta, nayo ilizaliwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani waliteka Taveta, na tangu hapo vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani usiku kutega baruti relini. Waingereza waliona hawawezi kuingia Kilimanjaro, iliyokuwa chini ya Wajerumani, bila reli ya kubebea maji, chakula na mizinga, kwa hiyo mwaka 1915 wakaanza kutandika njia kutoka Voi kwenda Maktau na mbele yake. Stesheni iliyokuwa ya kupita tu ikageuka bandari ya nchi kavu: majeshi kutoka Bara Hindi, Afrika Kusini, Uingereza na humu humu Afrika Mashariki yalipanga mahema kuizunguka. Februari 1916 Waingereza walipigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, Machi wakaingia Taveta, na mwaka huo huo njia ikaungana na reli ya Mjerumani ya kutoka Tanga.

Gharama yake Wataita waliilipa. Wajerumani walipoukalia mlima Kasigau mwaka 1915 ili waishambulie reli kwa karibu, Waingereza waliwashuku wenyeji kuwa ndio waliowaonyesha njia. Vijiji vikachomwa moto, watu wote wa Kasigau wakahamishiwa Malindi, na wengi wakafia huko kwa maradhi na njaa. Waliobaki walirudi mlimani kwao miaka ya 1930. Ukumbusho wowote wa stesheni hii usiowataja watu wa Kasigau una pengo.

Baada ya vita njia ile ilifanya jambo ambalo majenerali hawakulipanga. Kahawa ya Kilimanjaro sasa iliweza kupita Voi kwenda bandari ya Mombasa, na Tanga ikapata mshindani. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zikawekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Miaka ya 1950 zikaja Garratt za aina ya 59, injini 34 zilizopewa majina ya milima yetu, kila moja na uzito wa tani zaidi ya 250. Hazikuwako nyingine za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli za upana wa mita moja duniani. Moja ilipokaribia usiku, aliyelala nyumba za wafanyakazi wa reli aliisikia kitandani kabla ya masikioni: chuma cha kitanda kilianza kutetemeka, kisha vikombe kabatini, na ndipo honi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na treni za kuvuka kwenda Moshi zikakoma. Njia ya Taveta haikupata tena kazi yake ya zamani. Treni ya abiria ya usiku kati ya Mombasa na Nairobi iliendelea kusimama Voi, ikichelewa zaidi mwaka hadi mwaka, mpaka 2017 ilipoondolewa kuipisha ile ya reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei. Stesheni mpya ni kubwa, safi, na iko nje ya mji.

Ya zamani iko pale pale katikati, na mji umeizunguka. Mataruma ya chuma yamelala chini ya majani makavu, na njia panda ya Taveta bado inaonekana ikijikunja kuelekea magharibi. Ukimwambia mwenye bodaboda akupeleke stesheni, anakuuliza kwanza: ya SGR au yetu?