Charles Ives: Wakala wa Bima na Mtunzi wa Muziki

Tarehe 1 Januari, 1930, afisi ya bima ya Ives na Myrick, mjini New York, iliagana na mmoja wa wenyewe wawili walioianzisha. Mstaafu huyo alikuwa mtu wa miaka 55, mwenye ugonjwa wa moyo na wa kisukari, aliyependa kukaa katika chumba cha ndani kuliko kuonana na wateja. Mawakala wa bima ya maisha walimheshimu kwa mafunzo aliyowaandikia. Wanamuziki waliolijua jina lake walikuwa wachache, na wengi katika wachache hao walimdhani punguani. Lakini katika nyumba yake ya mashambani, huko West Redding, zilikuwamo karatasi zilizojaa simfonia, sonata na nyimbo ambazo karibu zote zilikuwa hazijapigwa mbele ya watu.

Charles Ives alizaliwa tarehe 20 Oktoba, 1874, katika mji wa Danbury, jimbo la Connecticut, nchini Marekani. Danbury ulikuwa mji wa kofia: viwanda vyake vilizitengeneza, na wakuu wake walihesabu faida yake. Ukoo wa Ives ulikuwa miongoni mwa wakuu hao, na babu yake Charles alikuwa katika waasisi wa benki ya akiba ya mji. Katika ukoo huo wa biashara alitokea mtu mmoja asiyefanana na wenzake, George Ives, babaye Charles. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hata 1865, George alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya jeshi la Kaskazini, naye ni kijana asiyetimiza miaka ishirini. Aliporudi kwao akaendelea kuwa mwalimu na kiongozi wa muziki. Alimfundisha mwanawe kanuni za muziki barabara. Kisha akamfundisha jambo ambalo walimu wa siku zile hawakulifundisha, nalo ni kuzivunja. Alimwimbisha mtoto wimbo kwa ufunguo mmoja wa sauti huku yeye akimpigia kwa ufunguo mwingine, ili sikio lizoee kusimama peke yake.

Mji ulimpenda George siku za sherehe ukamsahau siku za hesabu. Muziki haukumtosha riziki, na mwisho wa maisha yake alikuwa karani katika benki ya jamaa zake. Alifariki ghafula Novemba 1894, mwanawe akiwa ndiyo kwanza ameingia Chuo Kikuu cha Yale. Anayetaka kujua kwa nini Charles Ives hakuufanya muziki kuwa kazi yake hana haja ya kwenda mbali kuliko kaburi hilo.

Huko Yale alisoma utunzi kwa Horatio Parker, fundi hodari wa muziki wa kale asiyestahimili utundu. Mwaka wa 1898 Ives alihitimu, akaingia kampuni ya bima ya Mutual Life kwa mshahara wa dola 5 kwa juma. Jumapili alipiga kinanda kanisani, kazi aliyoianza tangu utotoni. Mwaka wa 1902 utungo wake mkubwa wa kwaya uliimbwa New York na magazeti hayakuusema vibaya. Mtu mwingine angaliichukua sifa hiyo kuwa ngazi. Ives aliacha kazi ya kinanda baada ya muda mfupi, na tangu hapo hakutegemea tena senti ya muziki. Aliona ya kuwa mwenye mke na watoto hana haki ya kuwalaza njaa kwa ajili ya sauti zinazogongana, na kwamba muziki usioombwa kuleta chakula hubaki safi na huru zaidi.

Kiswahili kina neno jema kwa mtu wa namna hii. Humwita mwanamuziki wa ridhaa, yaani afanyaye kwa kuridhika kwake, wala neno halisemi kwamba ujuzi wake ni haba. Watu wengi husikia neno hilo wakafikiri juu ya upungufu. Hapana upungufu katika neno, na kwa Ives haukuwamo katika kazi.

Biashara nayo hakuifanya kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa 1905 serikali ya jimbo la New York ilichunguza kampuni za bima ya maisha ikafichua uharibifu mwingi wa fedha za watu. Katika vumbi la msukosuko huo, Ives na Julian Myrick walianza afisi yao mwaka wa 1907. Ives aliwafundisha mawakala kuacha porojo na kushika hesabu: mtu akifa leo, jamaa yake watahitaji kiasi gani kila mwaka, kwa miaka mingapi, na bima ya kiasi gani italeta fedha hizo? Alieleza jinsi ya kupima jambo hili katika kijitabu kilichosomwa sana na watu wa kazi hiyo. Wakati alipostaafu, afisi yao ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa za bima nchini.

Alitunga usiku, siku za mapumziko na wakati wa likizo. Mwaka wa 1914 alimkaribisha mpiga fidla wa Kijerumani, Franz Milcke, aijaribu sonata yake. Milcke hakuumaliza hata ukurasa wa kwanza. Alitoka akiziba masikio, akisema huo si muziki. Ives alikumbuka siku hiyo kwa miaka mingi, na kwa uchungu.

Jambo moja laonyesha jinsi afisi na muziki vilivyokutana ndani yake. Tarehe 7 Mei, 1915, habari zilifika New York kwamba meli ya Lusitania imezamishwa na Wajerumani. Karibu watu 1,200 walipotea. Jioni Ives alitoka kazini akasimama katika stesheni ya Hanover Square, kungojea treni iliyopita juu ya nguzo. Chini barabarani mtu alikuwa akizungusha kinanda cha mkono, kikitoa wimbo wa dini uliojulikana na kila mtu, wa kukutana tena baada ya kifo. Kibarua mwenye sepetu begani akaupokea. Akafuata tajiri wa benki mwenye fimbo, kisha mwingine na mwingine, hata stesheni nzima ikawa inaimba, pasipo aliyecheka wala aliyeona haya. Treni ikaja, watu wakaingia, wimbo ukafifia. Ives aliyaweka hayo katika sehemu ya mwisho ya utungo wake wa pili wa okestra: makelele ya mji, sauti za mbali, na wimbo unaokua polepole mpaka unawameza wote, kisha unatoweka. Mtunzi aliyejifungia chumbani na piano yake asingaliusikia. Alihitaji kuwa mmoja wa wachovu wanaorudi nyumbani.

Oktoba 1918 moyo wake ulimshinda, na baada ya hapo nguvu hazikurudi zote. Kwa fedha zake mwenyewe alipiga chapa sonata yake ya Concord mwaka wa 1920, na kitabu cha nyimbo 114 mwaka wa 1922, akavigawa bure. Yapata mwaka wa 1926 alimwambia mkewe, Harmony, kwamba hawezi tena kutunga. Hapo ndipo wengine walipoanza kumtafuta. Henry Cowell alimtangaza. Nicolas Slonimsky aliongoza utungo wake New York mwaka wa 1931, kisha Paris. John Kirkpatrick akaipiga sonata ya Concord tarehe 20 Januari, 1939. Mwaka wa 1947 Simfonia ya Tatu, iliyokwisha kukaa miaka mingi katika karatasi, ilimpatia tuzo ya Pulitzer, naye akazigawa fedha zake.

Haifai kumfanya mtakatifu. Alipowakasirikia wanamuziki waliopenda sauti laini aliwatukana kwa kuwafananisha na wanawake, na maneno hayo hayamletei heshima. Tena mwaka wa 1987 Maynard Solomon alidai ya kuwa Ives aliongeza ukali katika kazi zake baadaye, akaziandikia tarehe za zamani ili aonekane ametangulia. Wachunguzi wa karatasi na mwandiko, kama Gayle Sherwood, waliona tarehe nyingi zikikaribia ukweli, ingawa Ives hakuacha kurekebisha. Tuhuma ya Solomon ilipita kiasi. Lakini mtunzi asiyepigiwa kazi zake hana siku ya kusema imekwisha, na hiyo ni gharama moja ya ridhaa. Gharama nyingine ni fedha. Uhuru wa Charles ulinunuliwa na afisi ya bima. George, mwenye sikio lile lile, hakuwa na afisi.

Februari 1951 Leonard Bernstein aliongoza Simfonia ya Pili katika Carnegie Hall. Harmony alikwenda, mumewe alisikiliza kwa redio huko Redding. Alifariki tarehe 19 Mei, 1954. Simfonia ya Nne, iliyo kubwa kuliko zote, haikupigwa nzima hata tarehe 26 Aprili, 1965, ambapo Leopold Stokowski aliiongoza akiwa na wasaidizi wawili kando yake, kwa kuwa mkono mmoja haukutosha kuzishika mizani zake zote.