Programu za pesa kwa simu

Programu za pesa kwa simu ni programu za kompyuta zinazomwezesha mtu kutuma, kupokea na kuweka fedha kwa simu ya mkononi bila kuwa na akaunti ya benki. Katika Afrika Mashariki ni mfano mkubwa wa teknolojia iliyobadilisha maisha ya watumiaji pamoja na kazi ya watengenezaji wa programu.

Historia

Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005. Nia ilikuwa kuwasaidia wateja wa mikopo midogo kurejesha mikopo yao, lakini washiriki wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Kwa hiyo huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007 ililenga kutuma fedha nyumbani. Vodacom iliileta Tanzania mwaka 2008.

Programu ya kwanza iliandikwa Uingereza na kampuni ya Sagentia, na mitambo yake ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mfumo unaowawezesha watengenezaji wengine kuunganisha programu zao na M-Pesa.

Utendaji

Huduma hufanya kazi hata kwenye simu ya kitochi isiyo na intaneti. Nchini Tanzania mteja wa M-Pesa hupiga *150*00# na kufuata menyu. Ujumbe mmoja wa menyu hauzidi herufi 182, hivyo mtengenezaji hana budi kuchagua maneno machache yanayoeleweka.

Athari za kijamii

Tavneet Suri na William Jack walilinganisha kaya za Kenya kwa jinsi mawakala walivyoongezeka karibu nazo. Mwaka 2016 walikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 katika umaskini, na kwamba wanawake 185,000 walihama kutoka kilimo kwenda biashara.

Faida hizo hutegemea pia gharama. Mwezi Julai 2021 Tanzania ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu. Baada ya malalamiko ya wananchi, ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba.

Wilaya ya Rungwe

Rungwe, ambayo makao makuu yake ni Tukuyu, ni wilaya ya wakulima wa chai, ndizi, viazi na parachichi. Matokeo ya Kenya hayawezi kuhamishiwa huko bila uchunguzi. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kinyakyusa, ilhali menyu ni za Kiswahili au Kiingereza. Mtu asiyejua kusoma hulazimika kumpa mjukuu au wakala namba yake ya siri, na hapo usalama wa fedha zake hutegemea uaminifu wa mtu huyo, hata programu ikiwa imeandikwa vizuri. Kwa hiyo utafiti wa athari huhitaji kuhesabu miamala na pia kujua ni nani hasa anayeshika simu.