Chumvi ya bahari haisamehe gari

Magari mengi yanayofika Walungu yalitumika kwanza ng'ambo. Yanashushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, kisha yanashika barabara ndefu hadi Bukavu. Mnunuzi huangalia rangi na kilometa. Ni wachache wanaouliza kama gari liliwahi kulala ndani ya maji.

Tarehe 14 Desemba 2002, meli ya Norway iitwayo Tricolor ilikuwa safarini kutoka Ubelgiji kwenda Uingereza ikibeba magari mapya 2,862 ya BMW, Volvo na Saab. Katika ukungu iligongana na meli ya makontena, Kariba, ikazama karibu na Ufaransa. Mabaharia wote waliokolewa. Baadaye meli ilikatwa vipande 9 chini ya maji, ikatolewa. Magari yale mapya yaliishia kuwa chuma chakavu.

Kwa nini? Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya mto, na kwa hiyo kutu hukimbia. Gari likitolewa majini, hewa hukutana na chumvi iliyobaki ndani ya nyaya, breki na kompyuta ya injini. Kuosha bodi hakufiki huko. Gari linaweza kuwaka leo, likazimika njiani baada ya miezi.

Wazee wa Uvira watakumbuka mfano mwingine. Julai 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, ili adui asiichukue. Kwanza mafundi walipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, injini ikafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 ndiyo iliyorudisha maelfu ya wakimbizi Wakongo kutoka Kigoma hadi Uvira. Grisi iliisaidia, na maji yale hayakuwa ya bahari.

Familia iliyokimbia vita, ikakusanya dolari kidogo kidogo ili inunue gari la kazi, haiwezi kubeba hasara mara mbili. Kabla ya kulipa, fundi ainue zulia, aangalie kutu chini ya viti, avute mikanda hadi mwisho kutafuta alama ya maji, afungue viungo vya nyaya. Shaba ikiwa na ukungu wa kijani, pesa zibaki mfukoni.