Mto Nyamwamba: kutoka Milima ya Rwenzori hadi Ziwa George

Mto Nyamwamba ni miongoni mwa mito inayoshuka kutoka Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda. Si mto mrefu, lakini wakaazi wa Kasese huutazama kwa hofu kila msimu wa mvua unapowadia.

Chanzo chake kiko kwenye miteremko ya mashariki ya milima hiyo, ambayo kilele chake kirefu zaidi, Margherita, kina mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Mto hupita katika bonde jembamba la Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kisha hukatiza mji wa Kasese na kuelekea kwenye maeneo oevu ya Ziwa George.

Safari ya maji haiishii hapo. Mkondo wa Kazinga huyapeleka Ziwa Edward, Mto Semliki huyafikisha Ziwa Albert, na kutoka huko huingia katika Mto Nile.

Hatari ya Nyamwamba inatokana na umbo la nchi. Kwenye mteremko mkali maji huwa na nguvu ya kusukuma mawe makubwa na magogo. Yanapofika kwenye tambarare hupungua kasi na kuutua mzigo huo, kina cha mto hupungua, na mvua kubwa inayofuata huufanya uvunje kingo zake. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2013, na tena Mei 2020, mafuriko yalipoiharibu hospitali ya Kilembe. Aidha, mto humomonyoa mabaki ya machimbo yaliyorundikwa kando yake, hivyo madini huingia katika maji yanayotumiwa na wananchi.

Kusini-magharibi mwa wilaya hiyo, karibu na Bwera, unapita Mto Lhubiriha, ambao huko Mpondwe ni mpaka kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Nao hutoka Rwenzori na kumwaga maji yake Ziwa Edward, ambako hatimaye hukutana na yale ya Nyamwamba.

Kwa wanaoishi kando ya mito hii, anga jeupe mjini si dalili ya usalama. Mvua inayonyesha milimani inaweza kuleta mafuriko mahali ambapo halijadondoka hata tone moja.