Ubia wa nyumba Meru na Embu: mwenye kiwanja ajue haya

Meru na Embu sasa ni ghorofa juu ya ghorofa. Mwenye nyumba ya mabati karibu na mji hubishiwa hodi na mwekezaji: wewe una kiwanja, mimi nina pesa, tujenge tugawane. Nasi wa Pwani tuna jamaa zetu huko, na simu hutufikia tukiulizwa: je, tukubali?

Ubia wenyewe si haramu wala si hila. Mmoja atoa ardhi, mwengine atoa gharama za ramani, vibali na ujenzi. Tuseme fleti ni 12: mwenye kiwanja apate 4, mwekezaji 8. Kabla ya kutaja hesabu yoyote, mwite mthamini aliyesajiliwa akupe thamani ya kiwanja chako.

Sheria ya 2020 ya umiliki wa majengo kwa sehemu inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Ngazi, tangi na ua hubaki mali ya wote, chini ya shirika la wenye fleti. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kwa serikali, lazima iwe imebakisha miaka 21 au zaidi. Angalia hati yako kwanza.

Watu huumia hapa: mwekezaji ataka kiwanja kiandikwe jina la kampuni yake, akiweke rehani benki. Akishindwa kulipa, benki hunadi kiwanja pamoja na zile fleti 4 ulizoahidiwa. Basi hati ibaki kwa jina lako mpaka ujenzi uishe, au ishikwe na wakili wa pande zote mbili. Mkataba utaje fleti zako kwa nambari, tarehe ya kumaliza, nani alipa kodi ya pale utakapohamia, na itakuwaje jengo likikwama.

Jambo la mwisho ni mirathi. Nyumba nyingi bado zina jina la marehemu baba. Kisheria, haiuzwi wala haigawanywi kabla mahakama haijathibitisha warithi. Kwa Waislamu, mlango ni Mahakama ya Kadhi. Ndugu mmoja akitia saini peke yake, dada zake wana haki ya kulipinga jengo zima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.