Haki ya Kubarizi: Uhuru Park katika Historia ya Nairobi

Sisi watu wa pwani tuna vitenzi viwili tunavyovipenda: kupunga upepo na kubarizi. Vyote viwili vinataja shughuli isiyozaa mali. Apungaye upepo hauzi wala hanunui; abarizie amekaa tu na wenziwe, mbele za watu, na jua likizama hurudi kwake mikono mitupu na moyo umetulia. Kwa kuwa jambo hili halina bei sokoni, ni wepesi mwenye nguvu kuliona si jambo, na mahali linapofanyika kupaona kuwa patupu, pangojeapo mtu wa kupajenga. Historia ya Uhuru Park, bustani iliyo ubavuni mwa kitovu cha jiji la Nairobi, ni historia ya mahali palipodhaniwa kuwa patupu.

Nairobi haikuzaliwa kuwa mji wa kupumzikia watu wote. Ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na katika utawala wa kikoloni ikagawanywa kwa rangi: Wazungu wakachukua vilima vya magharibi vyenye miti na hewa, Wahindi wakawa na mitaa yao, na Waafrika wakasukumwa mashariki, tambarare. Bustani hazikukosekana. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutunukia mji bustani yenye jina lake mwaka 1906, ikiwa na sanamu ya Malkia Victoria ndani yake. Lakini Mwafrika, aliyetembea na kipande shingoni, alihesabiwa kuwa mgeni wa kazi. Alikubaliwa kuwapo mjini maadamu ana mwajiri, na mtu wa namna hiyo hakutazamiwa kuwa na saa ya kukaa bure.

Ndiyo maana ufunguzi wa tarehe 23 Mei 1969, uliofanywa na Rais Jomo Kenyatta, ulikuwa na maana kubwa kuliko majani na maua. Hekta zipatazo 13, kati ya barabara kuu ya Uhuru Highway na mteremko wa Upper Hill, zilitengwa zikapewa jina la Uhuru, na milango yake haikumuuliza mtu rangi wala mwajiri. Likachimbwa ziwa dogo, zikawekwa mashua za kukodi. Jumapili, familia zilitoka mitaa ya mashariki na watoto waliovaa nguo za sikukuu. Wapiga picha wakawasimamisha kando ya maji, majumba marefu ya mji yakiwa nyuma yao. Siku za kazi, adhuhuri, makarani na vibarua walijilaza majanini, wengine wakisikiliza wahubiri, wengine wakisubiri tu saa ipite, maana kulala kivulini ni rahisi kuliko kununua chakula. Bustani hiyo hiyo ikabeba makundi makubwa pia: mwezi wa Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa hapo, kuhitimisha Kongamano la Ekaristi.

Mwaka 1989 zikavuma habari kwamba ndani ya bustani hii litajengwa jumba la ghorofa 60, refu kuliko yote barani Afrika. Wenye mradi walikuwa shirika la gazeti la Kenya Times, mali ya chama tawala cha KANU, kwa ubia na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Palikusudiwa kuwa na ofisi, kumbi, maduka, maegesho ya magari na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi.

Aliyesimama kupinga alikuwa Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, harakati ya akina mama wapanda miti iliyoanza mwaka 1977. Silaha yake ya kwanza ilikuwa barua. Aliwaandikia wakuu wa serikali na mashirika ya kimataifa. Alimwandikia hata Balozi wa Uingereza jijini Nairobi, akiutaja mfano wa Hyde Park ya London: je, Waingereza wangekubali jengo kama lile lisimame humo? Jawabu alilipata Bungeni, mwezi wa Novemba, wabunge walipokatiza shughuli zao ili wamkejeli, wakiutumia hata utalaka wake kama hoja. Harakati yake ikafukuzwa katika ofisi za serikali ilimokuwa, ikahamia nyumbani kwake.

Maathai akaenda Mahakama Kuu, na hapo ndipo penye fundisho. Mwezi wa Desemba 1989 shauri lake lilitupwa. Jaji alishikilia kwamba mlalamikaji hakuwa na haki ya kusimama mahakamani juu ya jambo lile: hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi, na neno la kuisemea mali ya umma lilikuwa la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tuitazame hoja hii kwa makini. Aliyeporwa shamba anaweza kuonyesha mpaka wake, na aliyevunjiwa duka atahesabu bidhaa zake. Lakini aliyezoea kulala kivulini saa saba mchana ataonyesha nini? Kivuli si chake. Kwa sheria ya siku zile, kilicho cha wote hakikuwa na msemaji ila serikali, nayo serikali ndiyo iliyoridhia kukitoa.

Mahakama iliufunga mlango, lakini kelele zilikwisha kufika mbali. Wenye fedha wa nje walianza kusita, mradi ukapunguzwa, kisha ukaachwa. Mwaka 1992 uzio ukang'olewa.

Mwaka huo huo bustani ikapata kazi ambayo waliokata utepe mwaka 1969 hawakuiwaza. Tarehe 28 Februari akina mama, wengi wao wazee kutoka mashamba, ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa, waliketi katika pembe moja ya bustani, wakafunga kula, Maathai akiwa pamoja nao. Walichokifanya kwa sura ya nje kilikuwa kile kile walichokifanya watu wa Jumapili: walikaa. Tarehe 3 Machi askari waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari wale, nayo ni laana nzito mama kumtolea mwana. Wakahamia kanisa kuu la All Saints, jirani na bustani, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hata mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliowadai wakawa wameachiliwa. Pembe ile ikabaki na jina la Freedom Corner.

Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa katika Uhuru Park, na utawala wa KANU wa karibu miaka 40 ukakoma. Mwaka 2004 Maathai akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Na tarehe 27 Agosti 2010, katika uwanja ule ule, ikazinduliwa Katiba mpya ya Kenya. Ibara yake ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo, na inasema wazi kwamba mlalamikaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Swali alilokwama nalo Maathai mwaka 1989 lilipata jibu, na jibu likatangazwa juu ya ardhi iliyolizaa swali lenyewe. Alipofariki mwaka 2011, taifa lilimuaga hapo hapo.

Hata hivyo sheria pekee hailindi bustani. Mwaka 2019, ramani ya barabara mpya ya juu ilipotishia kumega kipande chake, wananchi walipaza sauti tena, na serikali ikatangaza kwamba barabara haitaingia bustanini. Mwaka 2021 ikafungwa kwa ukarabati, na miezi iliyoahidiwa ikapita milango ingali imefungwa. Wasomaji wa Unguja, waliongoja Forodhani ifunguliwe upya mwaka 2009, wanaujua uchungu wa kungoja huko. Ukarabati una haki yake: kwa miaka mingi ziwa lilikuwa chafu, na vibaka waliwatia watu hofu jioni. Lakini mahali pa wote panapofungwa, mazoea ya watu hufifia, na mazoea ndiyo hati pekee waliyo nayo wasio na hati. Tarehe 7 Julai 2024 vijana walijaa humo kwa tamasha la kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa uzio ulipong'olewa mwaka 1992.

Akina mama wa 1992 walipata pa kuketi kwa sababu pahala palikuwapo, na palikuwapo kwa sababu umma ulikuwa umekwisha kupazoea kuwa pake: kwa mashua, kwa picha za sikukuu, kwa usingizi wa adhuhuri. Anayekwenda bustanini Jumapili kupunga upepo, asiwe na neno lolote la siasa moyoni, naye anashiriki katika ulinzi wake.